Kalamu iliyokuwa inacheua: kisa kimoja, magonjwa mawili

Hii kalamu nimekaa nayo karibu miezi miwili, na nimeona niandike kisa chake chote bila kuruka kitu, kwa sababu wengi wenye kalamu za wino za kukerezwa kwa mkono wanapata tatizo hili hili, kalamu inagoma asubuhi na kudondosha matone ya wino, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuishika nibu, ile ncha ya chuma inayoandika. Nibu inateseka bure. Mimi mwenyewe niliishika, nitaeleza huko mbele.

Mwenye kalamu ni mwalimu mstaafu, alinifundisha mwandiko wa kuunganisha nikiwa mdogo na mpaka leo namwita Mwalimu tu, yeye ananiita mwanangu. Anaandika historia ya ukoo wake kwa ajili ya wajukuu, kwa mkono, kwenye madaftari makubwa, anakaa saa mbili saa tatu hajanyanyuka, na ndo maana alipoagiza kalamu alimwambia fundi sitaki kitu cha kujazajaza kila siku, nitengenezee yenye tumbo kubwa. Fundi akamkerezea kalamu ya eboniti nyeusi, moja tu ya aina yake, ikafungwa nibu ya JoWo namba 6 ya unene wa kati. Mafundi wengi wa kalamu za mkono hawatengenezi nibu wenyewe, wananunua kwa JoWo au Bock, wote wa Ujerumani, alafu wao wanakereza mwili, wanakata hesi (ile mistari ya kukazia kama ya skrubu), wanasugua mpaka ing'ae. Kwa hiyo nibu yenyewe ni ya kiwandani lakini kila kitu kinachoizunguka ni mkono wa mtu, na hili likumbuke maana linahusika.

Eboniti kwa asiyeijua ni mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama pembe, Nelson Goodyear aliuandikia hataza 1851, na kalamu nyingi za zamani zilikerezwa kwenye kitu hicho hicho. Ukiishika haina ule ubaridi wa chuma, inakubali mkono haraka. Ukiisugua na kitambaa mpaka ipate joto inatoa harufu ya salfa kwa mbali, kuna wasioipenda, mimi naipenda sana.

Sasa namna inavyojazwa. Hakuna katriji, kile kichupa cha wino cha kubadilisha, hakuna konveta, kile kibomba kidogo cha kunyonya wino. Unafungua shingo, unachukua sirinji, unamimina wino moja kwa moja tumboni, unapaka grisi kidogo ya silikoni kwenye hesi ili usivuje, unafunga, basi. Tumbo la hii lina upana wa milimita 9 kwa ndani na urefu wa milimita 50, ukipiga hesabu ni kama mililita 3.2 za wino. Konveta ya kawaida inabeba kama 0.7 hivi. Yaani Mwalimu alipata alichoomba, mara nne na zaidi.

Wiki ya kwanza ilikuwa furaha tupu, alinipigia simu kuniambia mwanangu hii kalamu inateleza kama haigusi karatasi. Wiki ya pili ikaanza kugoma asubuhi. Anaiacha mezani usiku ikiwa imefungwa vizuri, asubuhi anafungua, anaandika neno la kwanza, hakuna kitu, anakwaruza pembeni mara tatu nne ndo wino unakuja. Alivumilia. Mwisho wa wiki hiyo, katikati ya ukurasa wa babu yake mzaa baba, likaanguka tone. Tone zima, sio alama, likafunika majina mawili. Alisikitika sana kwa sababu ukurasa ule alikuwa ameuandika kwa saa nzima, na haandiki kwenye karatasi za kubandua, ni daftari lililoshonwa.

Kabla kalamu haijafika kwangu ilishapita mikono mingi. Mtu mmoja alimwambia kugoma asubuhi maana yake nibu imebana, akachukua kipande chembamba cha shaba akakipitisha kwenye mpasuko wa nibu mara kadhaa mpaka vidole vya nibu vikaachana. Kugoma kukapungua kidogo, matone yakazidi. Mwingine akasema ni uchafu, loweka. Mwalimu akailoweka yote, mwili na kila kitu, usiku kucha kwenye beseni la maji, akaiweka dirishani ikauke kwa jua. Hapo niliumia kweli niliposikia, kwa sababu eboniti haipendi maji ya muda mrefu wala mwanga mkali, ile salfa iliyomo inabadilika juu ya uso na weusi unakufa. Kalamu iliyokuwa nyeusi ti ikatoka na rangi ya kahawia yenye ukijani, na mng'aro ukaondoka. Alafu akabadilisha wino mara mbili. Alafu akamwandikia fundi ujumbe mrefu wenye hasira, kwamba amemuuzia kalamu mbovu.

Ndo ikaja kwangu, na mimi nikakosea.

Nilitazama nibu kwa lenzi ya kukuza mara kumi, nikaiinua kwenye taa. Nibu nzima ya afya mpasuko wake unaanza mpana kidogo pale kwenye tundu na unaendelea kufinyika hadi kwenye ile punje ya mwisho, unaona uzi wa mwanga unaopotea taratibu. Ya Mwalimu mwanga ulikuwa na upana ule ule toka tunduni hadi punjeni, mlango wazi kabisa. Nikajisemea hili hapa, nibu inamwaga, ndo maana inadondosha. Nikavirudisha vidole vya nibu pamoja, kwa kucha, kidogo kidogo, nikiangalia lenzi kila mara, mpaka uzi wa mwanga ukarudi kufinyika. Nikaandika kurasa mbili safi, nikamrudishia.

Baada ya siku tatu akanipigia. "Mwanangu, matone yamepungua lakini yapo, na asubuhi sasa inagoma kuliko mwanzo." Hapo ndo nikakaa chini. Ukiifungua nibu, asubuhi inakuwa nafuu na matone yanazidi. Ukiifunga, matone yanapungua na asubuhi inakuwa mbaya. Kitu kinachotibika upande mmoja na kuharibika upande wa pili kwa dawa hiyo hiyo, mara nyingi hapo hakuna ugonjwa mmoja, kuna mawili na yote mawili hayapo pale unapoweka dawa. Nikamwomba aniachie kalamu na nikamwambia sitaigusa nibu tena mpaka nijue.

Nilimwandikia fundi kwa adabu, nikamweleza mimi ni nani na nini kimefanyika, pamoja na kulowekwa. Alijibu siku hiyo hiyo, na hakujitetea hata kidogo. Aliuliza maswali mawili: "Kaka, tone likianguka wino unakuwa umebaki kiasi gani tumboni? Na mama anakuwa ameishika kalamu kwa muda gani bila kuiweka chini?" Katika watu wote tulioishika kalamu hii hakuna aliyeuliza hivyo. Nikampigia Mwalimu, shikamoo, marahaba, nikamuuliza. Hakujua kiasi cha wino kwa sababu eboniti haionyeshi ndani, lakini akasema kitu kimoja ambacho kilinifungua macho, kwamba tone haliji siku aliyojaza. Haliji kabisa. Linakuja siku za mwisho mwisho kabla ya kujaza tena, na linakuja akiwa ameshanogewa na kuandika.

Basi nikaanza majaribio, na nikafuata sharti moja, wino mmoja wa bluu wa kawaida toka mwanzo hadi mwisho, karatasi moja, na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kwanza nilifunga karatasi ya tishu pale shingo inapokutana na mwili, nikaiacha siku mbili nikiandika nayo. Tishu ikabaki nyeupe. Kwa hiyo hesi hazivuji, grisi inafanya kazi yake, na oringi, pete ya mpira ya kuziba, haihitajiki. Alafu nikabadilishana nibu: ya Mwalimu pamoja na fidi yake, ule mfereji wenye mbavu unaokaa chini ya nibu, nikaifunga kwenye kalamu yangu yenye konveta, na yangu, ambayo ni JoWo namba 6 pia na sijawahi kuona ikidondosha, nikaifunga kwenye mwili wa eboniti. Ilipofika siku ya nne ile yangu, nibu njema kabisa, ikadondosha tone kwenye mwili wa Mwalimu. Ya Mwalimu kwenye kalamu yangu haikudondosha hata mara moja, wiki nzima. Nibu ilikuwa inasingiziwa toka siku ya kwanza.

Alafu nikaja kwenye swali la fundi. Nikajaza tumbo lote, nikaandika nusu saa mfululizo, hakuna kitu. Nikaacha robo tu ya wino, mililita 0.8, chumba kikiwa na nyuzi 22 za selsiasi, nikaandika bila kuiweka chini. Dakika kama kumi hivi nikaona kitu ambacho ukikiona mara moja hutakisahau. Mistari ilianza kunenepa. Herufi zilizokuwa na macho, e na a, macho yakaanza kuziba. Nikaigeuza nibu kwa upande nikaona zile mbavu nyembamba za fidi, ambazo kawaida zinaonekana kavu na nafasi katikati yake, zimejaa wino zote mpaka zimeng'aa kama kioo cha bluu, na chini ya ubavu wa mwisho kuna tumbo la tone linaning'inia. Nikaiweka juu ya karatasi bila kuandika. Likaanguka lenyewe.

Nilirudia hilo mara tatu siku tofauti na mara zote tatu lilitokea, kati ya dakika nane na kumi na tatu. Mara ya nne nikafanya kitu kimoja tofauti: wino robo ile ile, lakini kabla ya kuandika niliishika kalamu kwenye kiganja dakika kumi nibu ikiangalia juu. Ndo nikaandika. Hakuna tone, hata nilipofika nusu saa.

Hapo ugonjwa wa kwanza ulikuwa umejitaja jina wenyewe. Kalamu ya wino inaishi kwa kubadilishana: wino kidogo unatoka, hewa kidogo inaingia kushika nafasi yake, na hiyo ndo kazi ambayo Lewis Waterman aliiandikia hataza huko Marekani 1884, mfereji wenye mikato myembamba inayoongoza wino chini na hewa juu bila vurugu. Ndani ya tumbo msukumo wa hewa unakuwa mdogo kidogo kuliko wa nje, na huo upungufu ndo unaoshikilia wino usimwagike. Sasa shika kalamu yenye robo ya wino. Robo tatu ya tumbo ni hewa, mililita 2.4. Mkono unaipasha moto, tuseme kutoka nyuzi 22 hadi 32. Hewa ikipashwa moto inavimba, kwa nyuzi kumi hizo ni kama asilimia 3.4, na kwa kuwa ndani kuna maji ya wino, mvuke nao unaongezeka, ukijumlisha unafika karibu asilimia 5.7. Kwa mililita 2.4 hiyo ni mililita 0.13 na ushee. Tone moja la wino ni kama 0.05. Kwa hiyo mkono wa Mwalimu, bila yeye kufanya kosa lolote, unasukuma matone mawili na nusu kupitia njia ambayo imejaa wino, kwa sababu ukiandika wino ndo uko chini na hewa iko juu yake inasukuma.

Ukishika nibu ikiangalia juu hewa ndo iko mlangoni, inavimba inatoka zake taratibu, wino umekaa chini hauguswi. Kalamu ikiwa imejaa, hewa ni mililita 0.3 tu, inavimba hiyo asilimia lakini kinachosukumwa ni theluthi ya tone, mbavu za fidi zinakimeza bila wewe kujua. Ndo kazi ya zile mbavu, sio urembo. Na konveta hewa yake ni kidogo toka mwanzo alafu imezungukwa na hewa nyingine ndani ya mwili, joto la mkono linachelewa kuifikia.

Kwa Kiswahili tuna neno lake hasa, kalamu inacheua. Kama mtoto aliyeshiba, hewa inapanda inakuja na alichokunywa, na hakuna anayempeleka mtoto hospitali kwa kucheua, unamweka vizuri begani.

Na tukiwa hapo hapo, Mwalimu huwa anapanda ndege kwenda kwa wajukuu na nilimuonya mapema. Kule juu hewa ya ndani ya ndege inashushwa hadi kama ile ya mlima wa mita 2,400, msukumo unapungua kwa karibu robo, na hewa iliyo tumboni inataka kuvimba kwa karibu theluthi. Hapo hatuongelei matone mawili. Ijazwe mpaka juu au iwe tupu kabisa, na ikae nibu juu mpaka ndege itue.

Sasa ugonjwa wa pili, na huu niliupata kwenye daftari la Mwalimu, sio kwenye kalamu. Nilimwomba anipigie picha za kurasa alizoandika, nikawa nazipitia kutafuta matone, nikaona kitu kingine. Mstari wa kwanza wa kila asubuhi ulikuwa na rangi nzito kuliko inayofuata. Maneno mawili matatu ya mwanzo karibu nyeusi, alafu bluu iliyoiva, alafu kuanzia mstari wa pili bluu ya kawaida. Kila siku. Unaweza kuhesabu siku alizoandika kwa kuhesabu mistari mizito tu.

Hii ilinisaidia kuondoa dhana moja niliyokuwa nayo. Kuna ubovu wa nibu ambao wenye kalamu wanauita kitako cha mtoto, pale ambapo punje imesuguliwa kupita kiasi mpaka kingo za ndani za mpasuko zimeviringika, wino unakaa juu kidogo haugusi karatasi, na kalamu inaruka mwanzo wa maneno. Lakini huo unaruka wakati wowote, hata kalamu imefunguliwa dakika moja iliyopita, na hauna cha kufanya na rangi. Hapa kalamu ilikuwa inagoma baada ya kulala tu, na ikianza inatoa wino mzito. Wino mzito maana yake maji yametoka yakaacha rangi. Maji yametoka wapi na kalamu imefungwa? Kwenye kifuniko.

Nikakiosha kifuniko, nikakikausha, nikaweka mdomo kwenye uwazi wake nikavuta hewa. Kifuniko kizima kinang'ang'ania mdomo, hakiachii mpaka ukivute. Cha Mwalimu hakikushika hata sekunde, hewa ilipita kwa mlio mwembamba kama wa mtu anayepuliza uzi. Nikaziba kwa kidole pale kibanio cha mfukoni kinapoingia, mlio ukakatika na kifuniko kikashika. Fundi alikuwa amekata mpasuo wa kupitisha kibanio, na mpasuo wenyewe ni mpana kuliko bati la kibanio kwa unene wa karatasi mbili hivi, na nyuma yake hakuna cha kuzuia. Kila usiku nibu ilikuwa inalala kwenye chumba chenye dirisha wazi.

Nilipima kwa mizani ndogo, ile inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kalamu imejaa, imefungwa, imesimama nibu juu, siku saba bila kuandikwa: ilipoteza gramu 0.3. Nikabandika tepu juu ya mpasuo, siku saba nyingine: mizani haikusogea. Na asubuhi ya nane ikaandika herufi ya kwanza bila kukwaruza.

Nikamtumia fundi picha na vipimo. Nilikuwa na wasiwasi atasemaje kwa sababu tone halikuwa kosa lake, kalamu yoyote ya tumbo wazi inacheua, lakini mpasuo huu ulikuwa ni wake. Alikubali pale pale. Akaniambia fungua kichwa cha kifuniko, kimefungwa kwa hesi, toa kibanio, nitakutumia washa, pete bapa nyembamba ya kukaa ndani, upake grisi kidogo kwenye hesi za kichwa kabla ya kufunga. Akaniambia pia kuanzia sasa vifuniko vyake vyote ataviwekea kifuniko cha ndani, kile kikombe kidogo kinachokumbatia mdomo wa shingo ili kibanio kiwe nje ya chumba cha nibu. Kwangu mimi hapa ndo thamani ya kununua kwa mtu anayekereza mwenyewe. Sio kwamba kalamu yake haina kosa, ila kosa lina mwenyewe, na mwenyewe anajua alilikata siku gani na kwa chombo gani.

Washa ilifika, nikaifunga, nikavuta hewa, kifuniko kikaning'ang'ania mdomo mpaka kikaniachia alama.

Ukabaki uamuzi kuhusu kucheua, ambako hakuna cha kurekebisha, kuna kuchagua. Mimi nilimshauri konveta. Shingo yake inaikubali, fundi aliiacha hivyo makusudi, na kwa mtu anayeandika kwenye daftari lililoshonwa nilidhani usalama ni bora kuliko tumbo kubwa. Kuna njia ya Wajapani pia, kalamu zao za kumiminwa wino huwa na valvu, kifundo nyuma ya kalamu unakikaza na wino wa tumboni unatengwa na ule wa kwenye fidi, unaandika na ule mdogo tu, hewa ivimbe inavyotaka. Ni kitu kizuri sana lakini ni mwili mwingine, huwezi kuipachika kwenye kalamu iliyokwisha kukerezwa bila kuitoboa.

Mwalimu alikataa konveta. Akasema, "Mwanangu, niliomba tumbo kubwa kwa sababu nikisimama kujaza ninasahau nilikuwa namkumbuka nani." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu hapo alikuwa anazungumzia kazi yake na mimi nilikuwa nazungumzia kifaa.

Kwa hiyo tukakubaliana ajaze wino ukifika nusu, asingoje robo. Nusu inampa mililita 1.6, bado ni zaidi ya konveta mbili, na hewa inayobaki ikivimba inasukuma chini ya tone mbili, ambazo fidi inazimeza kwa sehemu kubwa, na inayobaki unaiona mapema kwa mistari kunenepa. Tatizo likawa atajuaje nusu na eboniti haioneshi? Ndo mizani ikarudi. Kalamu bila kifuniko, ikiwa imejaa, ni gramu 24.6. Ikifika 23.0 ni nusu. Akaandika namba hizo mbili kwa penseli nyuma ya jalada la daftari, na kila anapomaliza kuandika anaipima kabla ya kuifunga, kama mtu anayepima unga. Baada ya majuma matatu aliniambia haihitaji sana mizani tena, ameshajua kwamba kwa mwandiko wake ni kurasa kumi na tano hivi na inafika nusu.

La pili nilimfundisha kile nilichokipata kwenye jaribio la nne. Kabla ya kuanza aishike kiganjani dakika chache nibu juu, akiwa anasoma alichoandika jana. Alisema hilo halimpi kazi maana huwa anasoma ya jana hata hivyo. Na mistari ikianza kunenepa, herufi e ikianza kuziba jicho, ainue nibu juu aguse ncha kwa tishu uondoke wino uliojaza zile mbavu, ndo aendelee. Hiyo e ni kengele nzuri kuliko zote, inalia kama dakika nzima kabla ya tone.

Kuhusu nibu, nilirudi kwake mara ya mwisho kurekebisha kosa langu. Nilikuwa nimeikaza kutibu tone, na tone halikuwa lake, kwa hiyo ilikuwa inaandika kavu kuliko ilivyotoka kwa fundi. Nikaifungua kidogo tu, nikamwita Mwalimu akae aandike mwenyewe kwa mkono wake na kwa ulalo wake, kwa sababu yeye anaulaza mkono kuliko mimi na wino unatoka tofauti. Aliposema "hapo hapo", nikaacha. Inaandika nene kidogo kuliko ilivyokuwa mpya, ile shaba iliondoka na kitu, na hilo sitaweza kulirudisha bila kununua nibu nyingine. Hataki nyingine.

Rangi ya mwili nayo imebaki ile ya kahawia na kijani. Fundi alijitolea kuirudisha, inawezekana, unasugua tabaka la juu kwa sandipepa laini za hatua hatua mpaka ufike kwenye weusi, alafu unang'arisha, na yeye aliyeikereza angejua pa kuishia asikonde mwili. Mwalimu amesema ngoja kwanza amalize daftari.

Juzi alinitumia picha ya ukurasa wa bibi yake. Asubuhi, tarehe imeandikwa juu, na mstari wa kwanza una rangi ile ile ya wa pili.